Bonde la Thumuni

Kabla sarafu ya senti hamsini haijatoweka mifukoni, wazee wa pwani waliiita thumuni. Neno lenyewe lilitoka Uarabuni likiwa na maana ya sehemu moja ya nane, na masheikh wanaogawa mirathi bado hulitumia hivyo: mjane aliyeachiwa watoto hupata thumuni ya mali ya marehemu mumewe. Mimi neno hilo hunijia ninapotazama mchoro mmoja uliochapishwa mwaka 1988 na watafiti wa maabara ya taifa ya Brookhaven, katika kisiwa cha Long Island, Marekani.

Si mchoro wa kumsimamisha mpita njia. Chini umeonyeshwa kiasi cha bariamu kilichotiwa katika kauri fulani nyeusi. Ubavuni, halijoto ambayo kauri hiyo huanza kupitisha umeme bila ukinzani wowote. Bariamu ikiongezwa, mstari unapanda. Kisha unatumbukia karibu na sifuri, halafu unapanda tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiutazama kwa mbali ni mgongo wa ngamia mwenye nundu mbili, na pale chini kabisa, kati ya nundu na nundu, pana namba 0.125. Thumuni.

Kwa watu waliokuwa wakihangaika na unga na tanuri usiku na mchana, kuliona bonde hilo kuwa dosari ya upishi lilikuwa jambo jepesi. Lakini upishi ukarudiwa kwa uangalifu zaidi, na bonde likabaki palepale.

Waya wa shaba hutoza nauli. Elektroni zinazopita ndani yake hugongana na mitikisiko ya atomi na uchafu uliomo, na sehemu ya nishati yao hupotea kama joto. Ushike waya wa pasi iliyowashwa kwa muda mrefu utaelewa. Mwaka 1911, mjini Leiden, Uholanzi, maabara ya Heike Kamerlingh Onnes iligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi kelvini 4.2, yaani karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, nauli hiyo haipungui, inafutwa. Hali hiyo ikaitwa usuperkondakta, na kitu chenye hali hiyo superkondakta. Neno linachekesha kidogo katika miji yetu, ambako kondakta ni yule anayening'inia mlangoni mwa daladala akitikisa sarafu mkononi. Huyu wa Leiden ndiye kondakta pekee asiyedai nauli.

Sababu yake ilieleweka mwaka 1957, pale John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer wa Chuo Kikuu cha Illinois walipoonyesha kwamba elektroni, ambazo kwa kawaida husukumana, zinaweza kuunganishwa mbilimbili na mtikisiko wa fuwele. Jozi zote kisha huenda mwendo mmoja, kama mabaharia wanaovuta kamba ya tanga kwa wimbo mmoja, na uchafu wa hapa na pale hauwezi tena kumtoa mmoja wao kwenye mstari. Nadharia hiyo ilikuwa nzuri mno, na uzuri wake ukawafunga watu: wengi waliamini kwamba mitikisiko ya fuwele haiwezi kuzifunga jozi juu ya kelvini 30 hivi. Rekodi iliyowekwa mwaka 1973, kelvini 23.2, ilikaa miaka 13 bila kuguswa.

Aliyeigusa hakuwa mtaalamu wa fani hiyo. Alex Müller alikuwa mwanafizikia Mswisi wa maabara ya IBM iliyoko Rüschlikon, kando ya ziwa la Zurich, na sifa zake alizipata kwenye utafiti wa oksidi. Mwaka 1983 alianza kazi na Georg Bednorz, Mjerumani mdogo wake kwa zaidi ya miaka 20, kutafuta superkondakta mahali ambapo wenzao wasingepoteza hata Jumamosi moja: kwenye oksidi, ndugu wa kutu na vyungu, ambazo nyingi hazipitishi umeme kabisa. Miaka zaidi ya miwili waliihangaikia oksidi ya nikeli bila kupata kitu. Mwishoni mwa 1985 Bednorz akasoma makala ya wakemia wa Caen, Ufaransa, Claude Michel, Larbi Er-Rakho na Bernard Raveau, kuhusu oksidi yenye lanthanamu, bariamu na shaba. Wafaransa walikuwa wameipima kuanzia nyuzi 300 za Selsiasi hadi 100 chini ya sifuri, wakaandika kwamba inapitisha umeme kama metali, wakaishia hapo. Walikuwa wamesimama mlangoni bila kubisha hodi.

Bednorz alibisha. Januari 1986 ukinzani wa sampuli yake ulianguka penye kelvini 11, na baada ya kurekebisha mchanganyiko na joto la tanuri, anguko likaanza kwenye kelvini 35. Aprili walituma makala kwa jarida la Kijerumani, na kichwani wakatia neno la tahadhari lenye maana ya "huenda", maana walikuwa hawajapima bado jinsi kauri hiyo inavyoifukuza sumaku. Mwaka uliofuata "huenda" hiyo iliwapa tuzo ya Nobel.

Katikati palikuwa na kichaa. Kundi la Shoji Tanaka mjini Tokyo lilithibitisha matokeo kabla 1986 haijaisha. Januari 1987 Maw-Kuen Wu na Jim Ashburn huko Alabama, wakishirikiana na Paul Chu wa Houston, waliweka itriamu mahali pa lanthanamu na kupata kelvini 93. Namba hiyo ilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu naitrojeni hugeuka kimiminika penye kelvini 77. Hadi hapo superkondakta kwa kawaida zilihitaji heliamu, gesi adimu ambayo utafutaji wake umefika hadi bonde la Rukwa, Tanzania, lililotangazwa kuwa na hazina yake mwaka 2016. Naitrojeni, kinyume chake, ni sehemu kubwa ya hewa tunayoivuta, na wanafizikia walipenda kusema kwamba lita moja haizidi sana bei ya maziwa.

Na upishi wenyewe haukuwa wa ajabu. Unapima poda tatu, unazisaga pamoja kwa kinu kidogo cha maabara na mchi wake, unazichoma kwenye tanuri ya nyuzi 900 na kitu, unasaga tena, unagandamiza kidonge, unachoma mara ya pili huku ukipitisha oksijeni. Sampuli ya kwanza ya itriamu ilitoka na mabaka ya rangi mbili, kijani na nyeusi. Ile ya kijani, ambayo macho yangeikimbilia, haikuwa na faida. Ile nyeusi, mbaya kama kipande cha mkaa, ndiyo iliyokuwa superkondakta. Shule nyingi za sekondari za Ulaya na Marekani zilikuwa zinakipika kidonge hicho muda mfupi baadaye na kuelesha sumaku juu yake.

Usiku wa Machi 18, 1987, katika hoteli ya Hilton mjini New York, karibu wanafizikia 2,000 walijibana kwenye ukumbi usiowatosha, wengine wakitazama kwenye televisheni zilizowekwa nje, wakasikiliza mawasilisho 51 ya dakika chache chache hadi saa tisa na robo alfajiri. Kumbukumbu za usiku ule zimejaa treni za kuelea na nyaya zisizopoteza umeme. Swali la kwa nini kauri inafanya hivyo lilidhaniwa litajibiwa upesi. Hadi leo hakuna jibu linalokubaliwa na wote.

Ugumu wake unaanzia kwenye ramani ya nyumba. Kauri hizi zote zina matabaka bapa ya shaba na oksijeni, na kila tabaka ni mithili ya ubao wa drafti: atomi ya shaba katika kila kituo, oksijeni katikati yao. Kauri ikiwa bado haijatiwa bariamu, kila kituo cha shaba kina elektroni moja ya kuhesabika. Kwa hesabu za vitabuni elektroni hizo zingetembea. Hazitembei, kwa kuwa kila moja haivumilii kukaa kituo kimoja na mwenzake. Ni basi ambalo kila kiti kina mtu na hakuna anayekubali kupakata. Zikiwa zimekwama hivyo, hupanga sumaku zao kwa kupishana, moja juu moja chini, moja juu moja chini, sawasawa na miraba myeusi na myeupe ya drafti. Umeme haupiti.

Bariamu huleta elektroni pungufu kuliko lanthanamu, kwa hiyo kila atomi yake inayoingia humtoa abiria mmoja kwenye basi. Viti vilivyoachwa wazi wanafizikia huviita matundu. Kwa matundu machache mpangilio wa sumaku huvurugika. Yakiongezeka kidogo usuperkondakta huanza. Hufikia kilele pale takriban elektroni 16 kati ya kila 100 zimeondolewa, kisha hufifia. Ndivyo ilivyo kwa jamaa zote za kauri hizi, na ndivyo ilivyotarajiwa kuwa kwa ile ya kwanza kabisa, ya Zurich. Arnold Moodenbaugh na wenzake huko Brookhaven walipoipima hatua kwa hatua ndipo wakatumbukia bondeni: penye tundu moja kwa kila vituo vinane, halijoto ya usuperkondakta ilishuka kutoka kelvini karibu 30 hadi chache mno.

Mshukiwa wa kwanza alikamatwa haraka. Mwaka 1989 John Axe, wa Brookhaven pia, alionyesha kwamba karibu na kiasi hicho cha bariamu, kauri ikipozwa sana, vijengo vya oksijeni vinavyoizunguka shaba hubadilisha mwelekeo wa kuinama. Fuwele inapinda, basi fuwele ndiyo inayoua usuperkondakta. Kesi ikaonekana imekwisha, na watu wakarudi kwenye itriamu yao. Mimi naona ni hukumu ya haraka, kwa kuwa haikugusa swali la namba: fuwele inaweza kupinda penye kiasi chochote cha bariamu, kwa nini maumivu yazidi penye thumuni hasa?

Katika mwaka huohuo, Jan Zaanen na Olle Gunnarsson, waliokuwa wakifanya hesabu Stuttgart, Ujerumani, walichapisha wazo ambalo halikupata wasikilizaji wengi. Tundu linapotembea kwenye ubao wa drafti huacha nyuma sumaku zilizokosea mahali pake, na gharama ya fujo hiyo ni kubwa. Kwa hiyo, walisema, matundu hayatatawanyika. Yatajikusanya kwenye vichochoro, na kati ya kichochoro na kichochoro mpangilio wa sumaku utabaki salama. Elektroni zitajichora milia. Huko Marekani, Victor Emery na Steven Kivelson walifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Zaanen baadaye alirudi Uholanzi kuwa profesa Leiden, mji uleule wa Kamerlingh Onnes, na hadi kifo chake mwaka 2024 hakuacha kuisemea hoja hiyo kwa sauti.

John Tranquada aliyachukua maneno hayo kwa uzito. Alikuwa Brookhaven, penye mtambo wa nyuklia uliojengwa kwa ajili ya kutoa nyutroni za utafiti, na shida yake ilikuwa fuwele: unga hautoshi, anahitaji kipande kimoja kikubwa chenye atomi zilizopangwa upande mmoja kutoka ncha hadi ncha, na ile kauri ya bariamu ilikuwa ngumu kuikuza hivyo. Akaizunguka. Alitumia strontiamu badala ya bariamu na kutia neodimiamu kidogo, ambayo huilazimisha fuwele kupinda kwa namna ileile ya 1989. Fuwele zilikuzwa Tokyo na Y. Nakamura na Shin-ichi Uchida.

Nyutroni haina chaji. Haiwezi kuziona elektroni zikijikusanya. Lakini ni sumaku ndogo, hivyo huona mpangilio wa sumaku. Na hugonga viini vya atomi, hivyo huona atomi zikisogea, japo kwa unywele, kuwapisha wageni waliojazana kichochoroni. Unaizungusha fuwele kwenye mkondo wa nyutroni, unahesabu zinazorudi kwenye kila pembe, na kwa masaa mengi unapata idadi ileile ya nyutroni za kubahatisha. Halafu kwenye pembe moja idadi inainuka kidogo. Tranquada na wenzake waliona vilele viwili vya namna hiyo. Kile cha atomi zilizosogea kilijitokeza fuwele ilipopozwa hadi kelvini 65 hivi. Kile cha sumaku kilisubiri hadi karibu 50. Chaji ndiyo iliyotangulia kujipanga, sumaku ikafuata.

Umbali ulisomeka moja kwa moja kutoka kwenye vilele. Kichochoro kimoja na kingine vimeachana kwa nafasi nne za shaba, na ndani ya kichochoro mna tundu moja kwa kila atomi mbili. Nusu ya robo. Thumuni haikuwa bahati mbaya ya tanuri: ndicho kiasi cha matundu ambacho milia huenea kikamilifu, bila kichochoro kubaki na nafasi wala tundu kukosa pa kukaa. Makala ilitoka katika jarida la Nature mwezi Juni 1995.

Waliopinga hawakuwa wajinga. Neodimiamu, walisema, ni kitu cha kutiwa kwa mkono. Umeipinda fuwele mwenyewe kisha unatuambia imepinda. Kauri ya itriamu, safi kuliko zote, haikuonyesha milia ya namna hiyo. Mtambo wa Brookhaven nao ukabaki umezimwa baada ya kugundulika kwamba tritiamu inavuja ardhini kutoka kwenye bwawa lake, na mwaka 1999 ukaamuliwa usiwashwe tena. Ushahidi mwingine uliingia kwa vipande. Mwaka 2002 Jenny Hoffman na Séamus Davis, huko Berkeley, waliipapasa kauri ya bismathi kwa sindano yenye ncha ya atomi, chini ya sumaku kali, wakaona kwamba pale sumaku inapotoboa usuperkondakta, elektroni hujipanga kama drafti ya nafasi nne nne. Mwaka 2005 Peter Abbamonte alizikuta chaji zenyewe kwa eksirei katika kauri ya bariamu, fuwele zake zikiwa hatimaye zimekubali kukua. Bado itriamu ilikaa kimya.

Kuifanya izungumze kulihitaji mabara mawili na magunia ya subira. Vancouver, Kanada, Ruixing Liang, Doug Bonn na Walter Hardy walikuwa wanajua kwamba adui wa fuwele ya itriamu ni chungu chake: mchanganyiko ulioyeyuka hula kuta za chungu cha kawaida na kujichafua nacho. Wakatumia vyungu vya zirkonati ya bariamu, ambavyo haviliki, kisha wakazituliza fuwele kwa joto la kupimwa hadi oksijeni ikae kwenye mistari yake. Fuwele hizo zikapelekwa Toulouse, Ufaransa. Maabara ya huko huweka akiba ya umeme kwenye ghala la kapasita na kuiachia yote kwa mpigo mmoja ndani ya koili. Kwa sehemu ya sekunde sumaku hupanda hadi tesla zaidi ya 60, mara milioni moja na zaidi ya ile inayozungusha sindano ya dira. Usuperkondakta ukazimwa, na chini yake ukinzani wa fuwele ukaonekana ukiyumba kwa mawimbi ya mpangilio.

Hayo ndiyo matokeo ya 2007 ya kundi la Louis Taillefer wa Sherbrooke na Cyril Proust wa Toulouse. Kutoka kwenye mayumbo hayo walipima uwanja ambamo elektroni huzunguka, wakakuta ni mdogo ajabu, kama asilimia mbili tu ya nafasi yote. Kitu kilikuwa kimegawa shamba kubwa kuwa vishamba. Kitu gani? Mpangilio fulani wa elektroni, ambao hakuna aliyeuona.

Mwaka 2011, huko Grenoble, Tao Wu na Marc-Henri Julien waliutambua kwa kusikiliza viini vya shaba ndani ya sumaku kali: chaji zilikuwa zimejipanga, na sumaku za elektroni hazikushiriki. Mwaka uliofuata Giacomo Ghiringhelli wa Milano na wenzake waliuona kwa eksirei za sinkrotroni ya Villigen, Uswisi, bila kuhitaji sumaku yoyote. Wimbi lao lilijirudia kila baada ya nafasi tatu na kidogo za shaba, wala si nne. Ni jamaa wa milia ya Brookhaven, si pacha.

Na mwaka huohuo wa 2012 lilifanyika jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko yote kwa uwazi wake. Johan Chang, Stephen Hayden na wenzao walipeleka fuwele ya itriamu Hamburg, wakaimulika kwa eksirei huku wakiipoza taratibu. Chini ya kelvini 135 hivi wimbi la chaji lilianza kuonekana, likakua kila nyuzi iliyoshuka. Penye kelvini 67, halijoto ambayo usuperkondakta wa fuwele hiyo huanza, wimbi liliacha kukua na kuanza kunywea. Wakaiwasha sumaku ya tesla 17, ambayo huudhoofisha usuperkondakta, na wimbi likanyanyuka tena. Juu ya kelvini 67 sumaku hiyohiyo haikulibadilisha hata kidogo. Elektroni ni zilezile. Zikienda kwa huyu zinapungua kwa yule.

Mtu angeweza kuishia hapo na methali ya mafahali wawili na zizi lao, na waandishi wengi wa sayansi waliishia hapo. Ila bonde la 1988 lilikuwa na jambo jingine, na lilikuwa limekwisha kuandikwa tangu 2007 na watu wa Brookhaven. Qiang Li, Tranquada na wenzao walirudi kwenye kauri ya bariamu yenye thumuni kamili, sasa wakiwa na fuwele kubwa safi, na wakapima ukinzani pande mbili: ubavuni, ndani ya tabaka la shaba, na wima, kutoka tabaka hadi tabaka. Ubavuni ukinzani ulianguka penye kelvini karibu 40. Wima haukuanguka, fuwele nzima haikuwa superkondakta hadi kwenye kelvini chache zilezile za mchoro wa zamani.

Usuperkondakta haukuwa umeuawa. Ulikuwa hai ndani ya kila tabaka, na kwa halijoto inayozidi hata ya nundu mbili za ngamia. Kilichokatika ni mawasiliano ya ghorofa na ghorofa. Milia ya tabaka moja huelekea upande huu, ya tabaka linalofuata hukatiza kwa pembe mraba. Erez Berg, Eduardo Fradkin na Kivelson walipendekeza kwamba jozi zenyewe zimevaa milia: zina alama ya kujumlisha kwenye mlia mmoja na ya kutoa kwenye unaofuata, na tabaka lililogeuzwa likiwekwa juu ya lingine, kila msaada unafutwa na kizuizi. Mwaka 2015 Fradkin, Kivelson na Tranquada waliachana na lugha ya ushindani na kuziita hali hizi zilizosukana. Msuka mikeka angewaelewa: ukili wa miyaa miwili ya rangi tofauti huwezi kuvuta mmoja ukaacha mwingine ulivyokuwa, lakini huwezi pia kusema mmoja ni adui wa mwenzake.

Si wote waliokubali neno hilo. Hesabu za kompyuta zilizochapishwa mwaka 2017, kwa mbinu kadhaa zilizoafikiana, zilionyesha milia ikijitokeza yenyewe penye thumuni hata katika kielelezo kisicho na fuwele ya kupinda, ila milia ya upana tofauti ilikaribiana mno kwa nishati, kiasi kwamba kitu kidogo sana kinaweza kuamua ipi itashinda. Kitu kidogo sana kama mkandamizo.

Mwaka 2020 Zurab Guguchia na wenzake waliikandamiza fuwele ya bariamu iliyo karibu na thumuni, yenye kiasi cha 0.115, kutoka upande mmoja tu, kwa shinikizo la takriban gigapaskali 0.1, ambalo katika kazi hizi ni kama kubonyeza kwa kidole. Walifanya hivyo Villigen, safari fupi tu kutoka Rüschlikon, wakitumia chembe ziitwazo myuoni kuhesabu ni sehemu gani ya fuwele bado ina sumaku za milia. Sehemu hiyo ilipungua sana. Halijoto ya usuperkondakta ndani ya matabaka haikusogea sana. Lakini ile ya fuwele nzima, iliyokuwa imelala bondeni penye kelvini 10, ilipanda hadi 32, karibu na pale ukinzani wa kauri ya Bednorz ulipoanza kuanguka mwaka 1986.